Siku Nilipoisogeza Saa ya Ukutani

Tulipokuwa tunagawana vitu vya marehemu tantine Béa, dada mkubwa wa baba yangu, tulifungua sanduku lake na harufu ya naftalini ikatupiga puani. Chini ya vitenge ilikuwapo simu yake ya zamani, ile ya vibonye, imefungwa vizuri ndani ya kitambaa cheupe. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Wiki nzima pale kilioni nilikuwa nimekaa nikisikia watu wakisema kwamba marehemu ndiye aliyeishika nyumba yetu mama alipokuwa Ulaya, na kila aliyesema hivyo alinigeukia nitikise kichwa. Sikutikisa. Alitupikia, ndiyo, alitufulia, Mungu amlaze pema, lakini nyumba ile nusura aivunje, na aliyezuia isivunjike ni mtoto wa miaka tisa aliyepanda juu ya kiti. Mtoto huyo ni mimi, na nimechoka kulisema jambo hili kwa sauti ya chini.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka miaka ile ambayo mtaa mzima ulikuwa na simu tatu. Sisi tuliishi kambi ya reli, hapa hapa Lubumbashi, kwenye zile nyumba za matofali mekundu ambazo kila moja ina mlango mahali pale pale, hata mlevi akaweza kuingia kwa jirani na kuvua viatu. Baba alifanya kazi reli kama baba yake. Treni ya Sakania ilichelewa siku nzima, mara nyingine siku mbili, lakini baba hakuchelewa hata dakika. Sebuleni kulikuwa na saa ya ukutani, ya mviringo, yenye kioo ambacho alikipangusa mwenyewe kila Jumamosi kwa shati lililochakaa. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Redio ya Kinshasa iliposoma saa yao kisha ikasoma yetu, baba alisimama chini ya saa ile na kutabasamu, maana Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa nzima, na jambo hilo lilimfurahisha kuliko mpira.

Mama aliondoka mvua za kwanza zilipoanza, kwenda Ubelgiji kusomea uuguzi, miaka miwili. Kwetu Ulaya yote tunaiita Bulaya, na mimi nilidhani ni mji mmoja wenye geti. Mkononi alikuwa amevaa saa ndogo ya mkanda wa ngozi, ambayo baba alimvalisha siku alipomchumbia. Nilipokuwa nalala kifuani pake nilikuwa naweka sikio kwenye saa ile na kuusikiliza mdundo wake mdogo, na mkanda ulinukia jasho la mama na mafuta yake ya nazi. Alipoagana nasi nilimwomba aniachie. Akacheka, akasema, "Sasa miye nitayua namna gani saa ya kukuita?"

Maana ahadi ilikuwa hiyo: kila Jumapili, saa kumi na mbili jioni, mama angepiga simu. Huko alikokuwa, Jumapili jioni alikwenda kutunza wazee mpaka asubuhi, na kabla ya kuingia kazini alipita kwenye duka la simu. Nafasi yake ilikuwa hiyo tu. Duka lile lilikuwa la kupiga, si la kupigiwa. Na simu ya kwetu ilikuwa moja, ya tantine Béa, aliyekuja kukaa nasi ili atutunze. Betri yake ilikuwa imechoka kabisa. Ukiiwasha, dakika arobaini, imekufa, na umeme wa kuichaji mnaujua wenyewe. Kwa hiyo tantine aliizima wiki nzima, akaiwasha Jumapili tu, mshale ulipogusa kumi na mbili kwenye saa ya baba. Simu iliimba kawimbo kake ka kuamka, sisi tukashika pumzi, na haikupita muda, mama huyo!

Ilikuwa hivyo miezi yote ya mvua. Halafu ikaja Jumapili moja ambayo baba na tantine walizungumza sana, na zamu yangu ilipofika simu ilikuwa tayari inalia pi, pi, ya kukata roho.

"Unakula muzuri?" mama aliuliza.

"Minakula."

"Sikia basi, ambia ba papa: dimanche yenye kuya, huku banatosha saa moya. Sasa njo mina..."

Simu ikafa. Baba akaniuliza mama alikuwa anasemaje. Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana balaa lote liko hapa. Sisi neno letu ni moja, saa: saa ya ukutani ni saa, saa ya mkononi ni saa, saa ya kula ni saa. Dimanche yenye kuya ni Jumapili ijayo. Na kutosha, kwetu Lubumbashi, ni kuondoa, kutoa kitu kilipo. Mimi kichwani mwangu nilikuwa na saa moja tu ya mama, ile ya mkanda wa ngozi. Basi nikajibu kama nilivyoelewa.

"Ba papa, mama anasema dimanche yenye kuya banamutosha saa."

"Banamutosha? Ba nani?"

"Bantu ba kule," nikasema.

Banatosha, banamutosha. Kasilabi kamoja, mu, nilikaongeza mimi. Na hako ka mu kakaingia nyumbani kwetu kakakaa. Baba aliinua macho. Aliitazama saa ya ukutani kana kwamba ndiyo itamweleza. Tantine ndiye aliyesema, tena hakungoja hata nitoke sebuleni.

"Mudogo yangu, fungula macho. Mwanamuke anatoshaka saa ya bwana yake bure? Kuko mwenye atamuvalisha ingine."

"Tutasikia dimanche," baba akajibu.

Jumapili ikafika. Mshale ukagusa kumi na mbili, tantine akawasha, kawimbo kakaimba, na baada ya hapo kimya. Tuliikodolea macho simu ile dakika zote arobaini mpaka ikajifia yenyewe. Jumapili ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Baba alianza kula chakula chake amesimama jikoni, akamaliza, akatoka. Na tantine, akichambua sombe, majani ya muhogo, uani, akaanza kuongea juu ya msichana mmoja wa Kipushi, mtoto wa watu wazuri, anasali, bukari yake, yaani ugali, haina madonge. Alisema Jumapili ifuatayo atamwita aje kututembelea saa kumi na mbili na nusu, tukishamaliza kuwasha simu kwa mara ya mwisho, ili dhamiri zetu ziwe safi.

"Kuwasha kwa mara ya mwisho, juu ya nini?" nikauliza.

"Batoto habaulizake mambo ya bakubwa. Enda chota mayi."

Mimi nilijua kwa nini mama hapigi: wamemchukua saa yake. Nilimwona kabisa yule Mzungu, amesimama kwenye geti la Bulaya na kikapu, watu weusi wakipita mmoja mmoja Jumapili ile wakinyoosha mkono, naye akifungua mikanda. Bila saa, mama angejuaje kwamba kwetu ni kumi na mbili? Nilikasirika hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Shuleni nikatoboa Ubelgiji kwenye atlasi kwa ncha ya kalamu, ikawa tundu, na mwalimu akanisimamisha kwenye kona mpaka kengele. Nilisimama nikiwa nimenyoosha shingo. Niliona nimefanya vizuri.

Siku iliyofuata nikachukua viatu vyangu vyeupe vya komunyo, nikavifunga kwenye gazeti, nikaenda kwa ba Kalenga. Huyu alikuwa fundi saa, na meza yake ilikuwa nje ya soko chini ya mwavuli wa manjano, yeye mwenyewe amebana kioo kwenye jicho, anakuongelesha bila kukutazama. Nikaweka viatu mezani.

"Ba Kalenga, minaomba saa moya ya mwanamuke. Ya kutuma Bulaya. Kama hii haienee, nitaleta na robe yake, nguo ya komunyo."

Alikitoa kile kioo jichoni. Aliviangalia viatu, akaniangalia mimi.

"Bulaya banakosaka saa, mama? Njo banatengenezaka kule." Kwetu hata binti mdogo huitwa mama.

Nikamweleza yote, Mzungu, kikapu, geti. Alianza kucheka taratibu, mabega yakitingishika, mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha grisi na shavu likawa jeusi. Nilimwambia asicheke, mama yangu si wa kuchekwa. Akaacha papo hapo.

"Pardon, mama. Haya, unipe maneno yake. Si yako, yake. Alisema nini?"

"Dimanche yenye kuya banamutosha..."

"Banamutosha, ao banatosha?"

Nilimsikia mama tena, na ile pi, pi, katikati.

"Banatosha," nikasema. "Banatosha saa moya."

"Njo ile!" Akapiga meza, vibati vyote vikaruka. "Hakuna mwenye alimutosha kintu. Balitosha saa moya mu siku!"

Akachukua saa mbili, akaziweka mbele yangu, moja ya kwao, moja ya kwetu. Akaniambia kwamba kule mwaka una miezi ya jua jingi na miezi ya giza jingi, kwa hiyo kila mwaka, baridi inapoisha, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu, wanaamka na kusukuma mshale saa moja mbele, wote, hata mfalme. Mwezi wa kumi, Jumapili ya mwisho, wanaurudisha nyuma. Yeye alilijua hilo kwa sababu ya mapadri, ambao kila wakitoka likizo walimletea saa zao wakisema zimeharibika, kumbe ni nzima. Sisi huku hatugusi kitu, jua letu halina fujo hizo. Kisha akasukuma mshale wa saa ya Bulaya mbele ya macho yangu. Zamani, kwao kumi na moja, kwetu kumi na mbili. Sasa, kwao kumi na moja na kwetu kumi na moja.

"Sasa mama yako anapigaka simu saa ile ile yake ya kila dimanche," akasema. "Na ninyi muko wapi?"

Tulikuwa tumezima simu. Mama alikuwa anapiga tumezima, anakwenda kazini, sisi tunawasha. Jumapili tatu! Sikumbuki kama niliagana na ba Kalenga. Viatu alivileta yeye mwenyewe nyumbani baadaye.

Nilikimbia mpaka kwetu na kumwaga habari yote sebuleni, bila hata kuvuta pumzi. Baba alikuwa amekaa, bado na nguo za kazi. Tantine hakunipa nafasi.

"Kalenga? Ule mulevi? Saa iko mbuzi, baisukume?"

"Ba papa," nikasema, "iko kweli."

Baba alifikiri. Namkumbuka alivyojikuna kidevu, na kwa nukta moja niliona anataka kuniamini. Halafu reli yake ikamshinda. "Mwanangu, inchi muzima inaweza kusukuma saa? Na ba train? Zenye ziko mu njia ile saa, zitafanya nini? Zitagongana." Akasimama. "Tulipatana kumi na mbili. Tutangoja kumi na mbili."

"Basi tuwashe kumi na moya, mara moya tu!"

"Na betri ikikufa?" tantine akarukia. "Akiita kumi na mbili, halafu tukose, utasema ni kosa ya nani? Bakubwa bamesema. Kichwa nguvu hii uliitosha wapi?"

Niliitoa kwa mama yangu, hilo nalijua leo. Siku ile nilinyamaza tu, na watu wazima hudhani mtoto akinyamaza amekubali.

Jumapili, baada ya misa, tantine alichinja kuku wa mgeni wa Kipushi. Nyumba ikanukia vitunguu na makaa. Baba alikuwa amelala kidogo, tantine yuko uani na mbabula yake, lile jiko la bati. Nilivuta kiti. Nilipanda, nikaishika saa ya baba kwa mikono miwili. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani, na nyuma yake kulikuwa na vumbi ambalo baba hakulijua. Nikazungusha kale kagurudumu mpaka mshale ukatembea mzunguko mzima. Nikishuka nilimwambia yule Mzungu wa kikapu kwamba sasa na mimi nimesukuma.

Saa ile ilipogusa kumi na mbili, nje jua lilikuwa bado linawaka kwenye mabati ya jirani. Tantine aliingia akijifuta mikono, akatazama saa, akatazama dirisha.

"Leo jua iko na nini?"

Baba naye akatazama dirisha. Mtu wa reli hahitaji saa ili kujua ni saa ngapi. Aliitazama saa ya ukutani, kisha kiti, ambacho kwa haraka yangu sikukirudisha mezani, kisha mimi. Nilimtazama vilevile, sikuinamisha macho. Najua alijua.

"Fungula simu," akamwambia dada yake.

"Lakini mudogo yangu, jua..."

"Fungula."

Kawimbo kakaimba. Hatukumaliza hata kushika pumzi. Simu ikalia mezani, ikitetemeka, ikizunguka yenyewe, na mimi nikapiga kelele. Baba aliichukua, akabonyeza sauti itoke nje.

"Allô? Allô! Yesu wangu, mulikuwa wapi?" Mama alikuwa analia. "Dimanche tatu! Nilisema mumekufa!"

Baba alikohoa. Alikuwa na mambo mengi ya kusema, lakini yaliyotoka ni haya: "Saa yako iko wapi?"

"Saa gani?"

"Ya mukono."

"Iko ku mukono, itakuwa wapi? Minaiangaria sasa hivi. Nilisukuma tu mishale, sawa bantu boote ba huku. Mutoto hakubaambia?"

Tantine aliishika ncha ya kitenge chake, akaikunja, akaikunjua. Mimi niliona aibu yangu inapanda mpaka masikioni, kwa sababu ya kale ka mu, na nikangoja baba aseme.

"Alituambia," baba akasema. "Siye njo hatukusikia."

Walizungumza mpaka betri ikaanza kulia, na mimi nikapewa dakika zangu, na sitawaambia tulisema nini. Simu ilipokufa tantine akapata sauti yake. Hakusema juu ya mama. Hakusema neno lolote juu ya saa ya mkononi wala juu ya nani atavalishwa nyingine na nani. Alisema: "Huyu mutoto aligusa saa. Utaacha vile?"

Ilikuwa sheria ya baba, na baba alikuwa mtu wa sheria. Akaniita mbele yake.

"Ulipanda ku kiti?"

"Ee, ba papa."

"Uligusa saa?"

"Niligusa."

"Omba pardon."

"Hapana."

Tantine akapiga ukelele. Hata mimi nilishangaa neno lile limetoka. "Hapana, ba papa. Kama banatosha saa ingine, nitagusa tena."

"Enda inje," baba akasema. "Piga magoti."

Nilitoka. Uani kwetu kulikuwa na changarawe ya reli, ile nyeusi yenye ncha, baba aliileta ili tope lisiingie nyumbani. Nilipiga magoti juu yake, mikono kichwani, nikakaza meno. Ndani nilisikia tantine akisema mgeni yuko njiani tayari, kuku ameiva, huwezi kumrudisha mtoto wa watu kutoka mlangoni. Sikusikia jibu la baba. Jua lilishuka. Magoti yaliwaka, halafu yakafa ganzi, halafu yakawaka tena.

Baba alitoka wakati mwanga umekuwa mwekundu. Nilifikiri amekuja kuniinua.

"Ba papa," nikasema haraka, kabla sijakosa ujasiri, "mama alisema banatosha. Ile mu, miye njo niliongeza."

Aliyatazama magoti yangu.

"Na miye njo niliiamini," akasema.

Akavuta suruali yake ya Jumapili juu kidogo kwenye mapaja, asiipasue. Akashuka goti moja, kisha la pili, pale pale kando yangu kwenye changarawe, akaweka mikono kichwani. Nilisikia akiguna kwa maumivu. Majirani wa kushoto waliacha kutwanga.

Tantine akatokea mlangoni na sahani mkononi. "Weye! Mukubwa muzima! Simama!"

Baba hakusimama. Hapo ndipo geti lilipolia, na msichana wa Kipushi akaingia, amevaa vizuri kweli, na kifurushi kichwani. Akatuona. Akasimama pale pale.

"Simama, mudogo yangu, minakuomba," tantine akanong'ona. "Mugeni anaangaria."

"Aangarie," baba akasema.